Orodha ya Nyumba za Ochoki

Jumatano, 8 Oktoba 1997

Mzee Yashwant, mwenye duka, amenipa shajara hii ya mwaka jana, iliyokosa mnunuzi. Siku zake hazilingani na za mwaka huu, kwa hiyo kila ukurasa nitafuta Jumanne niandike Jumatano. Si kitu. Miaka kumi na moja nimepiga chapa maneno ya watu wengine katika duka hili la vifaa vya ofisi hapa Kisii mjini, barua za wanasheria, risala za harusi, matangazo ya vifo. Sasa nitaandika yangu.

Sababu ni Mwalimu Ongeri. Leo ameingia dukani na mfuko wa nailoni umelowa, ndani yake madaftari mawili, na usoni tabasamu. "Gesare," akasema, "kitabu chetu kimeiva. Kilichobaki ni kukipika." Nikamwambia kilichoiva hakipikwi tena. Akacheka. Ni mtu mwema, alistaafu ualimu akaona hawezi kukaa bure.

Nieleze, kwa maana shajara isiyoelezwa ni kama uvumi. Babu yetu Ochoki wa Kebirigo alioa wake wanne: Kwamboka, Mong'ina, Bitutu na Nyakerario. Mwalimu ni wa nyumba ya nne. Kwa miaka miwili amezunguka kwa kila nyumba akiandika habari zake, mama wa nyumba akisema mwenyewe, kuanzia mkubwa: alitoka wapi, alizaa nani, nani alizikwa wapi. Anataka kiwe kitabu kimoja, kisomwe mbele ya ukoo wote tarehe 28 Desemba watu wakiwa wamerudi nyumbani kupiga kura, wakikubali, kikachapwe Nairobi.

Mimi ni wa nyumba ya pili, ya Mong'ina. Mong'ina hakujaliwa mtoto. Kwa desturi yetu mwanamke wa namna hiyo hakai mikono mitupu: alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamuoa mama yangu, Abigael, ili azae kwa jina la nyumba hiyo. Tukazaliwa mimi na kaka yangu Nyabuto. Mong'ina ndiye aliyenipeleka shule. Alifariki kabla Mwalimu hajaanza kuandika, kwa hiyo Mama ndiye aliyesema kwa niaba yake, nami nikaandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Redioni wanaiita El Nino. Mzee Yashwant anasema ina jina la mtoto na tabia ya mlevi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefika nyumbani kabla jua halijazama, Sabato isinikute njiani. Nimemkuta Mama amekaa jikoni bila kupika, jambo ambalo sijaliona maishani mwangu.

Alikuwa kituo cha kupimia chai na gunia lake. Lori lilikwama kwenye tope, watu wakangoja, majani yakaanza kunyauka, na katika kungoja maneno yakaanza. Tata Onchiri, mwana mkubwa wa Kwamboka, ambaye kwa hesabu ya ukoo ni baba yangu mkubwa na ndiyo maana namwita Tata, alisema mbele ya wote: "Hiyo nyumba ya Mong'ina ilifungwa kitambo. Wanawake wawili hawafanyi nyumba. Kwa hii kitabu tutaandika zile nyumba ziko." Halafu akaongeza kwamba shamba la chai analolima Nyabuto litarudi nyumba kubwa, kwa sababu nyumba ambayo haiko haiwezi kuwa na shamba.

Mama alipima chai yake akarudi. "Ningemwita nani anishuhudie?" akaniuliza. "Wanaojua niliolewaje wote wamekufa."

Nimekasirika. Ukoo wetu ni wa watu wa kuheshimu maandishi. Kitakachosomwa tarehe 28 na watu wakanyamaza, ndicho kitakachokuwa kweli hata kwa chifu. Kwa hiyo naandika hapa kwa wino mweusi: nyumba yetu itakuwa ndani ya kitabu hicho, na itakuwa ya pili, na Mama atasikia kwa masikio yake.

Jumatano, 22 Oktoba

Disketi zote zimefika. Nyumba ya nne ilikuwa ya kwanza kuleta, kwa sababu Mwalimu alipigiwa chapa na rafiki yake kwenye ofisi ya misheni. Nyumba ya kwanza imetoka Nairobi, Tata Onchiri ana mtoto huko mwenye karani wake. Ya pili na ya tatu ndizo nilizopiga mimi hapa dukani kutoka kwenye yale madaftari. Hakuna nyumba iliyokubali maneno yake yalale kwenye daftari la nyumba nyingine, na sasa hata kwenye disketi hawataki kulala pamoja. Kila moja imeandikwa kwa programu yake. Nikifungua ya misheni kwenye kompyuta yetu, herufi zinageuka mapembe na mistari. Ya Nairobi haifunguki kabisa.

Nimemwomba Sejal anitazamie. Huyu ni mkwe wa Mzee Yashwant, ameolewa na kijana wake mwezi wa Julai, amesomea kompyuta Nairobi. Tangu aje anakaa nyuma ya duka na hasalimii mtu. Nadhani anatuona washamba.

Akatazama, akasema, "Hii si kazi ya leo," akarudi nyuma. Haya.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemkosea Sejal katika ukurasa uliopita. Leo amekuja mwenyewe na kiti chake.

"Dada Gesare, usijaribu kuzifungua. Waambie kila mtu ageuze yake kuwa PDF pale pale alipoandikia." Nikauliza PDF ni nini. Akafikiri. "Ni karatasi iliyoganda. Ukiipeleka popote inabaki vile ilivyo, herufi hazihami. Lakini pia huwezi kuongeza neno wala kutoa."

Nimelipenda hilo la mwisho. Mchapaji wa Nairobi naye kamwambia Mwalimu kwa simu: anapokea PDF, lakini iwe faili moja, hana muda wa kushona vipande vya watu.

Jumanne, 4 Novemba

Barabara ya Keumbu imekatika, hakuna ndizi sokoni. Faili zimefika zikiwa PDF, jumla kumi na moja, kwa kuwa kila nyumba imetenga mazungumzo na picha, na yetu ikaongeza faili la majina. Hesabu hiyo ni pamoja na utangulizi wa Mwalimu na ramani yake ya makaburi.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimejaribu kuziunganisha mwenyewe. Najua amri ya kunakili ya DOS, programu inayoendesha kompyuta yetu, na najua ukiweka alama ya kujumlisha kati ya faili mbili za maandishi zinakuwa moja. Nikajumlisha zote kumi na moja, nikimalizia na nyumba ya nne. Mashine ikafikiri, ikaandika kwamba faili moja imenakiliwa. Nikatazama ukubwa: sawasawa na zote zikijumlishwa. Nikaita duka zima waje waone, hata mteja aliyekuja kununua bahasha.

Nikaifungua. Nyumba ya nne peke yake. Kurasa tisa za picha za watoto wa Nyakerario, basi.

Nikarudia mara sita. Uzito ni wa nyumba zote, inayoonekana ni ya mwisho. Sejal akaja akanieleza: PDF ina orodha ya kurasa zake mwishoni mwa faili, na msomaji huanzia mwisho. Akikuta orodha ya wa mwisho anatosheka, hajui kuna wengine chini yake. Zimerundikwa, hazijaunganishwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Na katika siku zote Tata Onchiri akachagua leo kuja kuona kazi.

Alisimama nyuma yangu na koti la mvua likidondosha maji kwenye sakafu ya Mzee Yashwant. Akaona watoto wa Nyakerario. "Sasa hii ni kitabu ya Ongeri?" akauliza. "Mama yangu ako wapi?"

"Yumo ndani, Tata. Haonekani tu."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Kwamboka alizaa watoto tisa. Alikuwa mkubwa wa boma. Na wewe unaniambia ako ndani lakini haonekani." Akaondoka bila kuaga.

Nilikaa. Halafu nikaona jambo ambalo sikutaka kuliona: uchungu wake ndio huo huo wangu. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini shamba hatutampa.

Jumatano, 12 Novemba

Hakuna stima siku ya tatu. Nguzo zimeanguka.

Alhamisi, 13 Novemba

Hakuna stima. Nimepiga barua mbili kwa taipureta ya zamani. Vidole vilifurahi kuikuta.

Jumanne, 18 Novemba

Stima imerudi. Sejal ameleta CD iliyokuja na gazeti la kompyuta, ina programu ya bure inayoitwa Ghostscript. Nikauliza maana ya jina, akasema ghost ni mzimu. Haina madirisha wala vitufe. Unaiandikia amri kwa mkono, na ukishachoka kuandika amri ile ile, unaiweka kwenye faili ndogo ya BAT na kuiita kwa jina. Inafanya kama karani mtiifu: unamwachia karatasi ya maagizo, anafuata mstari kwa mstari. Inasoma kila PDF kwa zamu, ukurasa hadi ukurasa, na kuandika nyingine mpya yenye orodha moja ya kurasa.

Tulipoandika majina matatu ilikubali. Tulipoandika kumi na moja ikakataa: mstari wa amri wa DOS una mwisho wake, kama herufi mia na ishirini na kitu, na ukoo wetu haukutoshea. Nikacheka mpaka Sejal akacheka.

Tukiwa tunakunywa chai nikamweleza kwa nini ninang'ang'ania hivi. Nilidhani desturi ya Mong'ina itamshangaza. Akasema tu, "Mimi pia nimeletwa kwenye nyumba ya watu. Miezi minne sasa, bado nagonga mlango nikiingia jikoni." Na mimi nilimwita mwenye maringo.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemweleza Mama habari za programu. Sikuwa na akili, nikataja na maana ya jina. Akaweka chini kikombe. "Mzimu? Na wewe ni shemasi wa kanisa?"

"Ni jina tu, Mama."

"Basi usiiwashe Sabato."

Baadaye akanisogelea. "Hiyo kitu inaunganisha wanne wote?" Nikasema ndiyo, nikishinda. Akasema, "Ochoki mwenyewe alishindwa."

Jumatano, 26 Novemba

Dawa ya mstari mfupi imepatikana. Majina ya faili hayaandikwi kwenye amri. Yanaandikwa kwenye faili nyingine ya maandishi ya kawaida, moja kila mstari, na amri inaambiwa tu: nenda kasome orodha ile. Sejal akaacha mashine iitengeneze orodha yenyewe kutoka kwenye diski kuu ya kompyuta. Ikaunganisha. Kurasa mia moja na arobaini na mbili, zote zinaonekana. Nikampigia makofi.

Kisha nikaangalia mpangilio. Nyumba ya nne ndiyo ya kwanza, yetu ya pili, Bitutu wa tatu, Kwamboka wa mwisho kabisa. Mashine imewapanga kwa jinsi walivyofika kwenye disketi. Mbele yake aliyewahi ndiye mkubwa. Ningepeleka hii Kebirigo, mazungumzo yangeishia hospitalini.

"Haijui heshima," nikasema.

"Haijui chochote," akasema Sejal. "Unaijulisha wewe. Iandike orodha kwa mkono."

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeiandika kwa mkono. Nimeipa jina ORODHA.TXT. Mistari kumi na mmoja, utangulizi, kisha Kwamboka, Mong'ina, Bitutu, Nyakerario, kisha makaburi. Ugomvi wote wa ukoo wa Ochoki unaingia kwenye mistari kumi na mmoja ambayo mtoto wa darasa la pili angeisoma. Ninaweza kumtoa mtu kwa kufuta mstari mmoja. Ninaweza kumwinua mtu kwa kuusogeza. Sikuwahi kuwa na madaraka makubwa hivi, na yamenipa kiungulia.

Stima ikapotea kabla sijaanza.

Alhamisi, 4 Desemba

Imekubali. Imekubali. Dakika kumi na nne mashine ilihesabu kurasa, mimi na Sejal tumekaa kama watu wanaongoja daktari atoke. Mzee Yashwant akatuletea njugu.

Baadaye nikasoma kitabu chote kwenye skrini, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna aliyewahi kukisoma hivi, mtu wa kwanza ni mimi. Mwalimu alikisikia vipande vipande, na kila nyumba ilisoma yake, pengine.

Nyumba ya kwanza sikuwahi kuiona, kwa kuwa ilitoka Nairobi ikiwa imeganda. Bibi Kwamboka alisema vizuri sana, kwa ukali wake, nikamsikia sauti. Alikufa mwaka jana kabla ya mavuno. Nikafika ukurasa wa mwisho wa mazungumzo yake. Nanakili hapa:

"Onchiri alipozaliwa mimi niliugua miezi minne. Aliyemlea ni mke mwenzangu Mong'ina, ambaye hakuwa na mtoto wake. Alimtafunia ndizi, alilala naye. Ng'ombe wa Abigael walipotoka bomani mimi ndiye niliyewafungulia mlango, kwa hiyo asiseme mtu kwamba hakuona. Mimi nimemaliza. Sasa aseme Mong'ina."

Nikakumbuka. Mama alipomaliza kunisimulia alisema, "Nimemaliza, sasa aseme Bitutu," nami niliandika bila kufikiri, nikidhani ni maneno tu ya kumaliza. Nikaenda mwisho wa nyumba ya tatu: "Sasa aseme Nyakerario." Ndivyo wake wa boma moja wanavyoongea mbele ya watu, mkubwa anampisha anayemfuata, na asiyepishwa hasemi. Mwalimu aliwaacha waseme kwa desturi yao, na wao wakakishona kitabu kabla yetu.

Nimelia kidogo. Sejal akajifanya anatafuta karatasi.

Jumatatu, 8 Desemba

Tata Onchiri amekuja. Safari hii alikaa. Nilimwonyesha kwamba mama yake anaonekana, wa kwanza kabisa baada ya utangulizi, na picha yake yenye kitambaa cha kanisa. Akaitazama muda mrefu.

Kisha akasema, "Sasa toa ile ya Mong'ina. Ukoo imekubaliana."

"Ukoo gani, Tata? Mimi sikuitwa."

"Wazee. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye nitasoma, nitasoma zile nyumba ziko."

Ningeweza kumwacha aende. Lakini nilitaka niwe na mikono safi. Nikamwuliza, "Tata, umeisoma sehemu ya mama yako mpaka ukurasa wa mwisho?"

Akasimama. "Huyo ndiye alinizaa. Wewe moiseke, msichana tu, utanifundisha maneno ya mama yangu?"

"Nakuomba tu uisome kabla ya siku yenyewe."

"Toa hiyo nyumba," akasema, akafunga koti.

Jumanne, 9 Desemba

Sejal anasema niache orodha ilivyo, mzee hatajua mpaka awe amesimama mbele ya watu. Nyumba yetu ni mistari mitatu tu ya orodha, kweli. Nimelifikiria tangu asubuhi, na jibu langu ni hapana. Nyumba iliyoingizwa kwa hila siku moja itatolewa kwa haki, na Nyabuto ana watoto wawili.

Nimeandika orodha mbili. ORODHA1 ni ya Tata Onchiri, mistari minane. ORODHA2 ni kumi na mmoja. Kila moja na faili yake ya BAT. Sitaficha wala kudanganya. Nitampa alichoagiza.

Jumatatu, 15 Desemba

Mama ana malaria. Nusu ya Kebirigo inayo, mbu wamepanda mlima na mvua. Nyabuto amempeleka zahanati. Nimeomba ruhusa.

Alhamisi, 18 Desemba

Amekunywa uji. Ameuliza kama mzimu bado anafanya kazi.

Jumatano, 24 Desemba

Printa imetoa nakala zote mbili, baada ya kutafuna karatasi kumi na saba. Moja kwenye bahasha ya kahawia yenye jina la Tata Onchiri, nyingine ya bluu isiyo na jina. Mzee Yashwant amezifunga mwenyewe kwa nailoni. "Karatasi ikilowa," akasema, "ukoo nzima inalowa."

Jumapili, 28 Desemba

Mvua ilisimama asubuhi, kana kwamba nayo imekuja kusikiliza. Turubai zilifungwa kwenye boma la Kwamboka, viti vya kanisa vikaletwa, watu labda mia mbili. Mama alikuja akiegemea bega la Nyabuto, amevaa sweta mbili, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango wa zizi. Bibi Bitutu na Bibi Nyakerario, wajane wawili waliobaki, walikaa mbele na blanketi magotini.

Nilimpa Tata Onchiri bahasha ya kahawia kwa mikono miwili. "Nimefanya kama ulivyoniagiza, Tata," nikasema, na watu wa mstari wa mbele walisikia. Akaridhika.

Mwalimu Ongeri alisoma utangulizi. Aligundua nini hata sijui, lakini aliponitazama nilitazama chini. Kisha Tata Onchiri akavaa miwani, akasimama, akaanza kumsoma mama yake.

Nimpe haki yake, anasoma vizuri. Ana sauti ya mtu aliyesimamia vilio vingi. Watu walicheka pale Kwamboka anaposimulia Ochoki akimkimbia nyati, wakanyamaza penye watoto waliokufa. Nusu saa. Jasho likamtoka, akajipangusa, akageuza karatasi. Niliona ni ya mwisho kwa sababu naijua ilivyo, maandishi yanaishia katikati.

"Onchiri alipozaliwa mimi niliugua miezi minne," akasoma, na sauti ikapungua kasi. "Aliyemlea ni mke mwenzangu Mong'ina." Angeweza kufunga pale. Nilimwona akilitazama lile neno, nami nikamwombea, naapa, nilimwombea. Akaendelea. Akasoma ndizi za kutafuniwa. Akasoma ng'ombe na mlango. Sauti ilikuwa imebaki ndogo lakini alisoma kila neno, kwa sababu ni ya mama yake, na hata yeye hawezi kuruka neno la mama yake mbele ya ukoo.

"Mimi nimemaliza. Sasa aseme Mong'ina."

Akageuza karatasi. Karatasi iliyofuata iliandikwa: Mimi ni Bitutu.

Alisimama na ile karatasi mkononi. Na Bibi Bitutu, ambaye macho yake hayaoni lakini masikio yanaona hata kesho, akainua fimbo yake. "Onchiri," akasema, "mbona umenyamaza? Mkubwa amempisha Mong'ina."

"Hii inaanza na wewe, Mama."

"Mimi sijapishwa. Siwezi sema kabla ya Mong'ina. Nani alinipisha?"

"Mong'ina alikufa, Mama."

"Hata Kwamboka alikufa na umemsoma nusu saa." Watu wengine wakacheka, si kwa ubaya. "Soma Mong'ina. Mimi nitangoja."

Bibi Bitutu akaiweka fimbo magotini, na ilionekana wazi kwamba angengoja mpaka kura zihesabiwe. Bibi Nyakerario akasema naye hataongea kabla ya Bitutu. Wazee wale waliosemekana wamekubaliana wakaanza kutazama viatu vyao.

Tata Onchiri akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama na bahasha ya bluu chini ya kwapa. Sikuwa na ushindi moyoni, niseme ukweli. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na huruma. Nikatembea hadi mbele, nikampa.

"Ulijua," akasema polepole.

"Nilikuomba usome, Tata."

Akafungua. Akatafuta mahali, mama yake tena, karatasi ya mwisho, kisha inayofuata. Nilidhani atampa Mwalimu. Akasafisha koo akasoma mwenyewe: "Mong'ina hayupo. Mimi ni Abigael, niliyeolewa naye kwa ng'ombe kumi na mmoja. Nasema kwa niaba yake."

Hapo akasimama tena, akavua miwani. "Abigael ako wapi?" akauliza. Watu wakageuka nyuma. "Mbona umekaa huko kama mgeni? Nyabuto, mlete mama yako mbele. Msomewa anakaa mbele."

Wakamletea kiti kando ya Bitutu, ambaye alimpapasa mkono na kuushika. Mama alisikiliza maneno yake mwenyewe yote, ameinamisha kichwa, na yalipofika mwisho, "Nimemaliza, sasa aseme Bitutu," yule bibi wa fimbo akaitikia kwa sauti, "Nimesikia." Ndipo kitabu kikaendelea.

Jumatatu, 29 Desemba

Kura. Foleni ndefu, tope mpaka magotini. Mama alisogezwa mbele ya foleni na mtu asiyemjua, akisema, "Mpishe, ni mke wa Mong'ina."

Ijumaa, 2 Januari 1998

Kurasa za shajara zimekwisha, naandika kwenye jalada la ndani.

Nimerudi dukani kutengeneza disketi ya mchapaji. Saa nne Tata Onchiri akaingia, koti lile lile. Mzee Yashwant akampa kiti. Hakuomba msamaha, na mimi sikumngoja aombe. Alisema, "Nionyeshe hiyo orodha."

Nikafuta ORODHA1 mbele yake, nikafungua nyingine. Akasogeza uso kwenye skrini akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, bila kugusa kioo. Alipofika kwa Mong'ina kidole kikakaa. "Alikuwa ananitafunia ile ndizi tamu," akasema. "Nakumbuka ladha. Nilifikiria ni ya mama."

Sejal akaja akasimama nasi. Nikaandika jina la amri, nikaacha bila kuianzisha.

"Sasa inaanza namna gani?" akauliza.

"Unabonyeza hapa, Tata. Mara moja."

Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu kama anayetia sahihi kwenye hati ya shamba. Kurasa zikaanza kuhesabiwa. Tukakaa wanne tukazitazama zikipita, nyumba kwa nyumba, na ya pili ilikuwa ya pili.